Mwaka wa Mafundo Mekundu

Twilumba alinipigia simu nikiwa dukani kwangu Uyole, namwonyesha mteja dawa ya ukungu wa viazi. Akasema maneno machache tu: "Kaka Maduhu, mama ametutoka." Mteja alikuwa bado ananiuliza dawa inachanganywaje na maji. Nilimjibu vizuri mpaka mwisho, nikamfungia dawa yake, nikafunga na duka, halafu ndipo nikakaa juu ya mfuko wa mbolea nikalia. Mama Twilumba hakuwa mama yangu wa kunizaa, wala shangazi, wala mkwe. Alikuwa mwanamke wa Kibena wa Nyololo aliyenichukua nikiwa kijana wa miaka ishirini, mwenye mkono mmoja mzima na hasira nyingi, akanikalisha jikoni kwake mwaka mzima na kunifundisha kufuma. Watu wakisikia hivyo hucheka. Mtu mzima mwenye wajukuu, Msukuma wa Usangu aliyekulia nyuma ya ng'ombe, eti anafuma! Nimeshazoea. Waache wacheke, baridi ya Uyole ikiingia, kofia zangu wanazivaa.

Habari za nyumbani kwetu sizielezi hapa, maana hazina jipya. Nianze na mkono. Ulikuwa mwanzo wa mwaka, nami nilikuwa kibarua kwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Rujewa. Nilikuwa nasogeza pumba, nikaona mkono wa shati langu unakwenda na mkanda wa mashine, na mimi nakwenda nao. Nilipozinduka vizuri nilikuwa hospitali ya misheni, juu huko mkoa wa Iringa, na vidole viwili vya mkono wa kulia, kile kidogo na jirani yake, havikuwepo tena. Vitatu vilibaki, lakini vilibaki kama vya sanamu: vimenyooka, havikunji. Daktari hakunificha. Alisema mishipa imeshikana, na nisipovifanyisha kazi mwaka huo huo vitakauka hivyo hivyo, basi. Muuguzi akanipa mpira mdogo wa kuminya. Niliuchukia mpira ule kuliko ajali yenyewe. Unaminya, unaminya, na mwisho wa siku hakuna ulichofanya, mpira ni ule ule. Na mimi nilijua hasa nilichokuwa nakaribia kukipoteza. Mtu asiyeweza kukunja mkono wa kulia hakamui, hashiki jembe la kukokotwa, hafungi ndama. Hata tonge la ugali hamegi. Atakula kwa mkono wa kushoto mbele za watu mpaka kufa kwake, na watu watamwonea huruma, na huruma ya watu mimi siiwezi.

Ndivyo Mama Twilumba alivyonikuta. Alikuwa anamuuguza dada yake pale hospitalini, na ndugu wa wagonjwa walikuwa na jiko lao nyuma ya wodi, bati juu na moshi chini, ambako kila mtu alipika sufuria yake. Kaka yangu Shija alikuwa amerudi kwa ng'ombe, kwa hiyo mimi nilikula kilichobaki kwa wenzangu. Siku moja nilikuwa nimegeukia ukuta, nala ugali kwa mkono wa kushoto, nikasikia sauti nyuma yangu: "We mwana, mbona unakula kama umeiba?" Nikamwonyesha mkono. Akautazama kama mtu anayetazama mahindi sokoni, akaugeuza huku na huku, asiseme pole wala nini. Akatia mkono kwenye kapu lake akatoa kijiko. "Kijiko hakina kulia wala kushoto," akasema. "Geuka huku tule." Dada yake aliporuhusiwa, mama yule akaniambia kliniki yangu ni ya mwaka mzima, Rujewa ni mbali, na nyumba yake Nyololo iko karibu na barabara kuu, gari zinapita mchana kutwa. Shija hakubisha. Alileta gunia la mchele wa Madibira likawa ndilo chakula changu, na Mama Twilumba alilipokea akasema, "Kumbe nimepata mgeni mwenye akili."

Jiko lake lilikuwa nyumba ya peke yake, ya matofali ya kuchoma, nyeusi kwa ndani kutokana na moshi wa miaka. Darini yalining'inia mahindi ya mbegu. Kulikuwa na benchi moja, vigoda vitatu, na birika la chai ya rangi ambalo sikuwahi kuliona limepoa. Mimi nimetoka kwenye joto la Usangu; ukungu wa Nyololo ulinitisha. Uliingia kwa mlango asubuhi na kukaa na sisi kama mtu wa nyumbani. Kila mchana, kazi za shamba zikiisha, majirani wanawake walikuja pale na vikapu vyao kufuma: shali na visweta vya watoto wachanga, maana kule mtoto akizaliwa Juni bila sweta ni msiba unaoutafuta mwenyewe. Wanaume walikaa nje kwa jirani, kwenye ulanzi, ile pombe ya mianzi, na kelele zao zilitufikia. Siku ya kwanza nilipokuta wanawake wamejaa nikasita mlangoni. Mmoja wao, mke wa mchungaji, ambaye wote walimwita Mama Mchungaji na ambaye sauti yake ingetosha kuita watu mnadani, akaniambia, "Wanaume wako nje, baba." Mama Twilumba hakuinua hata macho kwenye sindano zake. "Mwacheni. Huyu ni wa humu. Huko nje atashika nini na mkono haushiki?"

Wakacheka, na mimi nikaingia kwa hasira, nikakaa. Nadhani ningepata pa kwenda kwingine ningekwenda. Nilikaa siku kadhaa nikisikiliza habari zao, nani kaposwa, nani kakataa ekaristi kwa sababu ya ugomvi wa shamba, chumvi inawekwa lini kwenye maharage, huku mikono yao ikienda yenyewe. Ndipo nilipoona jambo ambalo mpira wa hospitali haukuwa nalo: vidole vya wale wanawake vilikuwa vinakunja na kukunjua bila kupumzika, na jioni kulikuwa na sweta. Nikamwambia Mama Twilumba, "Mama, nifundishe hiyo." Akaniuliza, "Ukianza hutaacha?" Nikamwambia mimi ni mbishi. Akasema hilo ameshaliona.

Sindano zao zilikuwa spoku za baiskeli zilizosuguliwa kwenye jiwe mpaka zikawa laini. Mimi, kwa kuwa mkono mmoja tu ndio ulioshika vizuri, alinipa ya kroshia, yaani spoku moja iliyokunjwa ncha kama ndoano, na uzi nikaushika kwa kushoto. Nilikuwa na bahati mbaya ya kila aina. Spoku ni nyembamba, na vidole vyangu vilivyonyooka havikuweza kuizunguka. Iliteleza, ikaanguka, nikaiokota, ikaanguka. Siku ya tatu nikaitupa motoni. Mama Twilumba akaitoa kwa koleo, akaiweka pembeni ipoe, akaendelea kumsimulia jirani yake habari za kitchen party moja huko Makambako. Ilipopoa akanirudishia. "Chuma hakiungui," akasema. "Endelea."

Gunzi lilikuwa wazo langu mwenyewe, na mpaka leo najivunia. Tulikuwa tunapukuchua mahindi, mimi natumia kiganja tu, nikaona kwamba gunzi tupu likikaa mkononi mwangu vidole vile vitatu vinaligusa pande zote. Havikulibana, lakini vililigusa. Unene wake ulikuwa sawasawa na umbali ambao mkono wangu ulikuwa umefika. Nikachukua spoku, nikaichomeka katikati ya gunzi pale penye ulaini, nikaisukuma mpaka ikakaza. Mama Mchungaji alicheka mpaka akashika mbavu. "Jamani, Msukuma anafuma kwa mhindi!" Wengine wote wakadakia. Mama Twilumba peke yake hakucheka. Alilichukua, akalipima mkononi, akajaribu kufuma mistari miwili mitatu, akanirudishia. "Afadhali. Sasa una mpini." Kuanzia siku ile kila gunzi lilipolegea nilitafuta jingine, jembamba zaidi, maana vidole vilianza kusogea. Nilikuwa nayachagua magunzi kwenye rundo kama mtu anayechagua viatu.

Uzi haukuwa wa dukani. Uzi mpya ulikuwepo, Mafinga, lakini wale wanawake waliuona kama kuula mbegu. Walikwenda mnadani kwenye marundo ya mitumba, wakachagua masweta ya sufu ambayo hakuna mtu angeyavaa, yaliyotoboka viwiko au ya wazungu wanene kupita kiasi, wakayafumua, wakayaosha, wakauzungusha uzi kwenye miguu ya kigoda, na likazaliwa sweta jipya. Sweta la mtoto wa mwaka ule lilikuwa sweta la babu wa Ulaya asiyejulikana, na mtoto akikua linafumuliwa tena anapata mdogo wake. Siku hizi mjukuu wangu anayesoma sekondari ananiambia hiyo inaitwa kutunza mazingira, na mwalimu wake ameniita shuleni nikawaambie wanafunzi. Nilikwenda. Niliwaambia sisi hatukuwa na jina lake. Tulikuwa hatutupi kitu, basi. Lakini ni kweli kwamba raha yake ni mara mbili ya uzi wa dukani, kwa sababu kwanza unaua kitu kwa mikono yako, halafu kwa mikono ile ile unakifufua.

Mama Twilumba alinifundisha kuchagua. Alisema, ligeuze sweta ndani nje uangalie mishono ya ubavuni. Ukikuta vipande vimefumwa kimoja kimoja vikaunganishwa, nunua, uzi utatoka mrefu. Ukikuta kingo zimekatwa na kupigwa oveloki, liache. Limekatwa kama kitambaa, na uzi wake utatoka vipande vipande. Nilisikia vizuri. Halafu nikaenda mnadani nikaona sweta jekundu. Sijui niseme nini juu ya wekundu ule. Nilikuwa nimekaa miezi kwenye moshi na ukungu, na lile sweta lilikuwa kama ua la mkrismasi. Nikalinunua bila kuligeuza. Nilipofika nyumbani na kuanza kulifumua, kila mstari ulinitoka mkononi ukiwa uzi mfupi, urefu wa dhiraa moja na ushee, mwingine, mwingine, mpaka nikawa nimekaa katikati ya rundo jekundu. Mama Mchungaji akachungulia. "Baba, umenunua tambi." Mama Twilumba akasema tuliweke tu ndani ya mto, litafaa kujazia.

Hapo ndipo ubishi wangu ulipopata kazi. Nikasema, "Nitaviunga." Akaniuliza nitaviunga na nini. Nikamwambia kwa mafundo. Wafumaji hawafungi mafundo hovyo, huyaona ni uchafu. Wanaficha uzi kwa ncha ya sindano. Lakini mimi nilijua fundo moja tu duniani, lile la kumfungia ndama kwenye nguzo wakati mama yake anakamuliwa, ambalo hata avute namna gani halifunguki. Nikaanza kufunga. Fundo la ndama linahitaji kidole gumba na cha shahada vikutane, na vyangu havikuwa vimekutana tangu Rujewa. La kwanza lilinichukua muda wa maharage kuchemka na kumwagwa maji. Jasho lilinitoka kwenye baridi ile. Nilipolimaliza Mama Twilumba alilitazama akalivuta, lisifunguke. "Hili ni la ng'ombe," akasema. "Haya. Fuga."

Nilifunga mafundo Juni yote na Julai yote, ukungu ukiwa mlangoni. Wakati mwingine maumivu yalinipanda mpaka begani, nikaacha, nikanywa chai, nikarudi. Nilikuwa nimeshaelewa kitu ambacho sikumwambia mtu: kila fundo lilikuwa linavuta kidole changu kidogo tu kuelekea kiganjani, na nikiacha, kidole kitarudi kulala. Kwa hiyo sikuacha. Nikiwa na uzi wa kutosha nikaufuma kwa kroshia, vipande vya mraba vya kuunganisha blanketi, na mafundo nikayaacha yatokeze juu. Vilikuwa na vipele kama ngozi ya chura, na vilikuwa vyekundu, na nilivipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kumiliki.

Shija alikuja Agosti. Nilikuwa nyuma ya nyumba nikichanja kuni kwa kushoto, nikasikia sauti yake jikoni. Alikuwa na adabu, kaka yangu, alizungumza taratibu. "Mama, tunashukuru sana. Lakini nimekuja kumchukua. Huko kwetu watu wanaongea. Wanasema amekwenda hospitali mwanaume, huko amekuwa mama. Hii maneno inamfikia mzee." Mama Twilumba akamjibu, "Baba, na hao wanaoongea, mkono wanao wa kumpa?" Shija akasema hapana, ila ng'ombe hawasubiri. Halafu nikamsikia mama akisema, "Mimi siwezi kumzuia mtoto wa watu. Muulize mwenyewe." Niliingia kabla hajaniita. Kaka yangu alikuwa ameketi kwenye kigoda changu, na kikapu changu cha uzi mwekundu miguuni pake, akikiogopa kana kwamba kuna nyoka ndani. Nilimwamkia. Nikamwambia, "Kaka, siendi."

"Utakaa hapa mpaka lini?"

"Mpaka mwaka uishe. Daktari alisema mwaka."

"Na ukirudi, Maduhu, utarudi na nini? Na uzi?"

"Nitarudi na mkono," nikasema.

Shija alikula wali wetu wenyewe wa Madibira, akalala, asubuhi akapanda gari. Kabla hajaondoka nilimpa kofia niliyofuma kutokana na mabaki. Aliitia mfukoni haraka kama mtu anayeficha kitu cha magendo. Miaka mingi baadaye mke wake aliniambia kwamba aliivaa kila alfajiri zizini mpaka ikaisha, na akiulizwa alisema ameinunua Mbeya.

Blanketi lilikamilika mvua za kwanza zilipoanza. Jioni ile tulikula ugali na maharage na figiri, mimi, Mama Twilumba na Twilumba, ambaye wakati ule alikuwa msichana wa darasa la sita mwenye kuuliza kila kitu. Sikupanga. Nilinawa, nikapeleka mkono wa kulia kwenye ugali, vidole vitatu vikakunja, vikamega. Tonge lilikuwa baya, limepinda, na maharage yote yalidondoka, lakini lilifika mdomoni. Twilumba akafungua mdomo aseme neno, mama yake akamkanyaga mguu. Halafu yeye Mama Twilumba, bila kunitazama, akalisogeza bakuli la mboga karibu na mkono wangu wa kulia, akaendelea kula. Kile kijiko alichonipa hospitalini kilikuwa pembeni ya sahani yangu. Sikukigusa tena. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena kwa ukubwa ule, hata siku ya kuoa, na mke wangu anajua hilo na ameshanisamehe.

Blanketi nilimwachia yeye. Nilirudi Usangu, nikakamua, nikafunga ndama, ingawa jembe la kukokotwa sikuliweza tena sawasawa, na hilo ndilo lililonipeleka kwenye biashara na hatimaye Uyole. Kufuma sikukuacha. Sijawahi kuishi kwa kufuma wala sitaki. Ni kitu changu cha jioni, na siku hizi mabinti wa mjini wanakuja na simu zao kuniuliza kroshia inaanzwaje, wanataka kufuma vitopu vya mapumziko, na mimi nawafundisha, na somo la kwanza ni kuligeuza sweta ndani nje.

Basi nikaenda Nyololo kumzika. Mazishi yalikuwa mchana, kwaya ya usharika iliimba vizuri, na kijiji kizima kilikuwepo. Baada ya makaburini wanaume tulikaa kwenye mabenchi nje, kama ilivyo desturi, wanawake ndani kwenye mikeka. Twilumba, ambaye sasa ana mvi zake, akaja kuniita. Akaniingiza chumbani kwa mama. Blanketi lilikuwa kitandani, limefifia likawa rangi ya matofali, na fundo hata moja halikuwa limefunguka. Kando yake akaniwekea kikapu. "Hukujua, kaka, alitukataza tusikwambie. Mwaka jana alipata kiharusi, upande wa kulia. Mkono ukakataa. Tukamwambia, mama, pumzika sasa, umefuma vya kutosha. Kesho yake akasema, leteni gunzi. Tukadhani akili imepotea."

Nikafunua kikapu. Juu ya kisweta cha mtoto kilichobakiza mikono tu kulikuwa na spoku ya kroshia, na spoku ilikuwa imechomekwa ndani ya gunzi. Chini yake yalikuwepo magunzi mengine kadhaa, manene na membamba, yamelegea kwa kushikwa. Nikayapanga kitandani kwa unene wake. Alikuwa ameanza na nene kabisa, kama langu la kwanza, na lile lililokuwa kwenye spoku lilikuwa jembamba kuliko yote. Mkono ulikuwa unarudi.

"Hiki ni cha nani?" nikamuuliza.

"Cha mjukuu wangu. Atazaliwa mwezi ujao."

Nilikichukua kikapu nikaenda nacho sebuleni walikokaa wanawake, nikatafuta nafasi kwenye mkeka. Binti mmoja nisiyemjua, pengine wa upande wa mkwe, akaniambia kwa heshima, "Wanaume wako nje, baba." Pembeni ya ukuta kulikuwa na bibi kizee amefungwa shali mpaka kidevuni. Sikumtambua mpaka aliposema, kwa ile sauti yake ya mnadani.

"Mwacheni," Mama Mchungaji akasema. "Huyu ni wa humu."

Wakanisogezea mkeka. Nikakaa, nikaushika uzi kwa kushoto, gunzi kwa kulia, nikaanza mkono wa kisweta.